Saa ilisema mzima, presha ikasema 172

Na Mwandishi Wetu, Kingsbury, London

Jumamosi moja asubuhi nilimsindikiza jirani yangu, mzee mmoja wa Mombasa ambaye sote hapa mtaani tunamwita Ami, kwenda kuchukua dawa zake za mwezi kwenye famasia moja ya Kingsbury Road. Mimi mwenyewe sikuwa na shida yoyote. Nilikwenda kumshikia mkoba tu, maana siku hizi magoti yanamsumbua.

Wakati tunasubiri, mfamasia aliniuliza umri wangu. Nikamjibu miaka 47. Akaniuliza mara ya mwisho nilipimwa presha lini. Nikacheka, nikapandisha mkono wa shati na kumwonyesha saa yangu.

"Hii inanipima usiku na mchana," nikamwambia.

Yeye hakucheka. Alinikaribisha kwenye chumba kidogo cha pembeni, akanikalisha kimya kwa dakika tano, kisha akanifunga mkanda kwenye mkono wa juu. Mashine ikajaa upepo, ikaubana mkono, ikalegea. Akapima mara ya pili, akapima mara ya tatu. Halafu akanigeuzia kioo nisome mwenyewe: 172 kwa 104.

Niliitazama saa yangu. Ilikuwa inaonyesha mapigo ya moyo 64 kwa dakika. Ilinikumbusha kwamba usiku nililala muda wa saa 7, kwamba jana nilitembea hatua 9,000 na ushei, na ilikuwa imenipa alama ya kijani pamoja na maneno ya pongezi. Kwa mujibu wa saa, mimi nilikuwa mtu mzima wa afya. Kwa mujibu wa mkanda wa presha, nilikuwa mtu anayeweza kuanguka na kiharusi.

Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Hapo ndipo penye mafunzo, na ndiyo sababu ya makala haya.

ZAWADI YA ZAMA HIZI

Kwa wasioijua, Kingsbury ipo kaskazini magharibi mwa London, katika wilaya ya Brent, na inafikiwa kwa treni ya Jubilee. Mtu wa Afrika Mashariki akishuka hapa hajioni mgeni sana. Wahindi wengi waliotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na wale waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, walijenga maisha yao upande huu wa jiji. Mpaka leo madukani muhogo unauzwa kwa jina la "mogo", na utakutana na bibi wa Kihindi anayekuuliza kwa Kiswahili safi umetoka wapi. Tumo pia sisi wengine, wa kutoka pwani, bara na visiwani, kila mmoja na sababu yake iliyomleta.

Hapa, kama kwingineko, saa janja zimeenea mikononi mwa vijana na wazee. Apple ilianza kuuza ya kwao Aprili 2015, ingawa kampuni nyingine kama Fitbit, Garmin na Samsung zilikuwa tayari sokoni na vifaa vya mkononi vya aina hiyo. Tangu hapo saa imekuwa zawadi ya kawaida: mtoto anampa baba, mke anampa mume, na sisi tulio ughaibuni tunawatumia wazee wetu nyumbani. Yangu nilipewa na binti yangu siku ya kuzaliwa kwangu. Nami nikamtumia mama yangu nyingine, ya bei nafuu, kule Tanga. Habari za saa hiyo ya mama nitazirudia, maana ndizo zilizonikosesha usingizi.

Hebu kwanza tuangalie mashine hizi zinafanya nini hasa.

TAA YA KIJANI

Ukiivua saa yako na kuigeuza, utaona taa ndogo za kijani zinamulika. Damu nyekundu hunyonya mwanga wa kijani. Kila moyo unapopiga, damu huongezeka kidogo kwenye mishipa midogo ya mkono, na mwanga unaorudi kwenye saa hupungua. Kati ya pigo na pigo, mwanga unaorudi huongezeka. Saa inahesabu kupanda na kushuka huko, na hivyo ndivyo inavyopata mapigo ya moyo kwa dakika.

Pamoja na taa, ndani yake mna kifaa kinachohisi mtikisiko wa mkono. Hicho ndicho kinachohesabu hatua, na kwa kuchanganya mtikisiko na mapigo, saa inakisia kama umelala au uko macho. Msomaji azingatie neno hilo: inakisia. Saa haioni usingizi. Inaona mkono uliotulia na moyo uliopunguza kasi, kisha inatoa hesabu yake.

Kwa hiyo vitu ambavyo saa inavipima moja kwa moja ni vichache: mwanga, mtikisiko, na katika baadhi ya saa, umeme wa moyo na joto la ngozi. Mengine yote tunayoyasoma kwenye kioo, kuanzia usingizi mzito, msongo wa mawazo, mafuta yaliyochomwa mwilini hadi "umri wa mwili", ni hesabu zinazotengenezwa na programu kutokana na hivyo vichache.

PALE INAPOSTAHILI SIFA

Haitakuwa haki kuisema saa vibaya bila kutaja mema yake, na mema yapo.

La kwanza ni mapigo ya moyo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walivijaribu vifaa saba vya mkononi kwa watu 60. Katika kupima mapigo, vifaa sita kati ya saba vilikosea kwa chini ya asilimia 5. Kwa kifaa kinachovaliwa dukani, sokoni na kitandani, hayo si matokeo mabaya hata kidogo.

La pili ni kugundua moyo unaopiga ovyo bila mpangilio, maradhi ambayo madaktari huyaita kwa kifupi AF. Maradhi haya ni hatari kwa sababu damu inaweza kuganda ndani ya moyo, kipande kikapanda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Mwenye maradhi hayo ana uwezekano wa kupata kiharusi mara tano zaidi ya asiye nayo, na wengi hawajui kama wanayo. Stanford hao hao walifanya utafiti mwingine kwa kutumia saa za Apple, matokeo yakachapishwa Novemba 2019. Watu 419,297 walijiandikisha. Waliopewa tahadhari na saa walikuwa 2,161, yaani kiasi cha mtu mmoja katika kila 200. Baadhi yao walitumiwa kiraka cha kubandika kifuani ili wapimwe zaidi, na kati ya waliokirudisha, asilimia 34 walikutwa na AF. Kwa vile maradhi hayo huja na kuondoka, waliokosekana nayo siku hizo si lazima wawe hawana.

Nina mfano wa karibu. Mama mmoja hapa Kingsbury, ambaye huuza maandazi na vitumbua kwa oda, alisumbuliwa na saa yake wiki nzima kwamba moyo unapiga ovyo. Aliipuuza akidhani imeharibika. Mwanawe akamlazimisha aende kwa daktari, akafanyiwa kipimo cha umeme wa moyo, akakutwa kweli na maradhi hayo. Leo anatumia dawa ya kuzuia damu isigande na anaendelea kukaanga maandazi. Huwezi kumwambia mama yule kwamba saa ni mchezo wa watoto.

La tatu ni kumwinua mtu kitini. Sisi tunaofanya kazi za kukaa, iwe ni udereva, ulinzi au kompyuta, tunaweza kumaliza siku nzima bila kutembea. Saa inakutikisa, unaondoka kitini. Wengi wanaamini lazima zifike hatua 10,000, lakini namba hiyo haikutoka hospitalini. Ilitoka Japani mwaka 1965, kampuni ya Yamasa ilipouza kipimo cha hatua na kukiita kwa maana ya "kipimo cha hatua elfu kumi". Ilikuwa jina la biashara. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Lancet Public Health umeonyesha kwamba hata hatua 7,000 kwa siku zinaambatana na upungufu mkubwa wa vifo, karibu nusu, ukilinganisha na wanaotembea hatua 2,000. Hizo ni habari njema kwa mtu kama Ami, ambaye magoti yake hayakubali elfu kumi.

PALE INAPOKWAMA

Sasa tugeukie upande wa pili.

Utafiti ule ule wa mwaka 2017 uliosifu mapigo ya moyo uliangalia pia hesabu ya nguvu zinazotumika mwilini, zile kalori. Hapo hakuna kifaa hata kimoja kilichofanya vizuri. Kilichokuwa bora kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibovu kuliko vyote kwa asilimia 93. Kwa hiyo ndugu yangu unayejiruhusu sahani ya pili ya pilau kwa sababu saa imekwambia umechoma kalori 600, jihadhari. Pilau ni ya kweli, kalori ni za kukisia.

Kisha lipo suala la ngozi zetu. Weusi wa ngozi nao hunyonya mwanga, na mashine inayotegemea mwanga inaweza kupata taabu. Kuhusu mapigo ya moyo, hofu hiyo imepungua kiasi: watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke mwaka 2020 walilinganisha rangi mbalimbali za ngozi na hawakukuta tofauti kubwa. Walichokuta ni kwamba makosa yanaongezeka kwa asilimia 30 mtu akiwa katika harakati kuliko akiwa ametulia.

Kuhusu oksijeni ya damu mambo ni tofauti. Desemba 2020 watafiti wa Michigan walichapisha matokeo kuhusu vipimo vya kidoleni vinavyotumika hospitalini. Kati ya wagonjwa ambao kipimo kilisema oksijeni yao ni asilimia 92 hadi 96, weusi 11.7 katika kila mia walikuwa na upungufu mkubwa uliojificha, wakati kwa weupe walikuwa 3.6. Hivyo ni vipimo vya hospitali, na ilikuwa wakati wa korona. Hapa Uingereza serikali iliunda jopo chini ya Profesa Margaret Whitehead kuchunguza haki katika vifaa vya tiba, na ripoti yake iliyotoka Machi 2024 ilikubali kwamba tatizo hilo lipo na linaweza kuwadhuru wagonjwa wenye ngozi nyeusi. Ikiwa cha kidoleni kinakosea, cha kwenye kiwiko cha mkono hatuwezi kukiamini zaidi.

Lakini udhaifu mkubwa, kwa watu wa kwetu, ni mwingine kabisa. Maradhi yanayotumaliza kimya kimya ni presha na sukari. Haya mawili ndiyo ambayo saa nyingi hazina uwezo nayo.

Tuanze na sukari. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo la wazi: haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Vipo vifaa vinavyobandikwa mkononi vyenye uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi, na vinaweza kupeleka namba kwenye saa. Hivyo ni vya kweli, lakini aliyepima ni kile kifaa, saa ni kioo tu. Saa inayouzwa mtandaoni kwa bei ya chee ikidai kupima sukari kwa taa, hiyo inakudanganya. Mwenye sukari akijidunga insulini kwa kufuata namba za uongo anaweza kupoteza fahamu, na anaweza kufa.

Presha nayo ni nguvu ya damu inavyosukuma kuta za mishipa. Mapigo ni idadi tu. Moyo unaweza kupiga mara 64 kwa dakika, taratibu na kwa heshima zote, huku kila pigo likisukuma damu kwa nguvu ya kupasua mishipa. Ndiyo maana saa yangu na mashine ya famasia zote zilisema kweli. Saa iliulizwa "mara ngapi?" ikajibu. Haikuulizwa "kwa nguvu gani?"

Wapo watengenezaji waliojaribu. Samsung wana saa inayokisia presha, lakini lazima uilinganishe na mashine ya mkanda kila baada ya wiki nne, kwa hiyo mashine ya mkanda huikwepi. Huawei walitoa saa ambayo ukanda wake wenyewe una mfuko unaojaa upepo. Apple mwaka 2025 walileta huduma inayochunguza mwenendo wa siku 30 na kutoa tahadhari kama kuna dalili za presha ya juu. Haitoi namba, haikusudiwi kwa ambaye tayari ameshaambiwa ana presha, wala kwa mjamzito, na kampuni yenyewe inasema haitamgundua kila mgonjwa. Kwa maneno mengine, saa ikipiga kelele, nenda kapime. Ikinyamaza, usidhani umepona.

NDIZI YENYE AFYA

Sasa nirudi kwa mama.

Mimi ni miongoni mwa wale ambao nyumbani hatuendi. Sababu ni kazi yangu ya uandishi, na si mada ya leo. Mama ana miaka 74, anaishi na mpwa wangu Tanga, na presha anayo miaka mingi. Nilipoona mtandaoni saa ya bei rahisi inayodai kupima mapigo, oksijeni, presha na sukari, yote kwa pamoja, nilinunua mbili. Moja nikampa mtu aliyekuwa anasafiri, ya pili nikaiweka kabatini nisubiri wa kumpa. Mpwa wangu akaiunganisha ya mama na simu yake, na kila jioni namba zikaanza kunijia London: 119 kwa 77, 121 kwa 79, 118 kwa 76.

Msomaji aliye mbali na mzazi wake atanielewa. Nilikuwa nazisoma namba zile kabla ya kulala kama mtu anayesoma barua. Nisiyeweza kwenda kumshika mama mkono, nilijiona nimemshika.

Jioni ya Jumamosi ile, baada ya kutoka famasia na 172 yangu, niliikumbuka saa ya kabatini. Nikaivaa. Ikaniambia presha yangu ni 120 kwa 78. Nikaingiwa na wasiwasi. Jikoni kulikuwa na ndizi mbichi za kupika, tulizonunua asubuhi. Nikaivua saa na kuifunga kwenye ndizi moja. Taa za kijani zikamulika, ikafikiri kidogo, kisha ikanipa majibu: mapigo 76, presha 118 kwa 76.

Ndizi ile ilikuwa na afya kuliko mimi.

Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi kicheko kiliniishia kooni, kwa sababu namba zile nilizijua. Zilikuwa ndizo namba za mama.

Kule ilikuwa usiku, lakini nilipiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini usiku huu?"

"Hakuna baya. Nauliza tu, dawa za presha unakunywa?"

Akanyamaza kidogo. "Nimezipumzisha, mwanangu. Zinanivimbisha miguu. Na saa yako inasema niko sawa."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu Ramadhani."

Ilikuwa imepita miezi mitatu. Asubuhi yake mpwa wangu alimpeleka kituo cha afya, akapimwa kwa mkanda: 194 kwa 112. Walimweka pale siku nzima, wakambadilishia dawa kwa ajili ya ile miguu, wakamrudisha nyumbani akiwa anatembea mwenyewe. Namshukuru Mungu kwamba nilikwenda kumshikia Ami mkoba. Lakini sijisamehi kirahisi. Mama hakuacha dawa kwa ujinga. Aliacha kwa sababu aliamini kwamba kitu kilichotoka kwa mwanawe London hakiwezi kumdanganya.

NANI MWINGINE ANASOMA?

Kuna jambo moja zaidi, na linawahusu hasa wale ambao hawapendi kujulikana walipo.

Kila asubuhi hutembea katika bustani ya Roe Green hapa Kingsbury. Ndani ya bustani hiyo, mwaka 1929, John Logie Baird alikuwa akifanya majaribio yake ya televisheni, na hapo ndipo alipopokea picha na sauti zilizorushwa kutoka Berlin. Leo, nikipita pale, mkono wangu ndio unaorusha: mapigo, hatua, njia niliyopita na saa niliyotoka nyumbani. Swali ni nani anayepokea.

Novemba 2017 kampuni ya Strava, yenye programu ya wakimbiaji, ilichapisha ramani ya dunia inayoonyesha watu wanakokimbilia. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia, Nathan Ruser, akagundua kwamba katikati ya jangwa, katika nchi kama Syria na Afghanistan, mistari ya wakimbiaji ilikuwa inachora kambi za jeshi. Askari walikuwa wanafanya mazoezi na saa zao mkononi. Oktoba 2024 gazeti la Le Monde la Ufaransa likaonyesha kwamba hata walinzi wa marais, akiwemo wa Ufaransa mwenyewe, wanafuatilika kwa njia hiyo hiyo. Ikiwa mlinzi wa rais anafuatilika, mimi na wewe ni nani?

Namjua mwenzetu mmoja aliyekuwa akibandika mtandaoni ramani ya mbio zake kila siku, kwa fahari. Kila ramani ilianzia na kuishia mlangoni pake. Alipoambiwa, alikaa kimya muda mrefu, kisha akaifuta akaunti nzima.

Aidha, kampuni hununuliwa na taarifa zako huhama nazo. Google walitangaza kuinunua Fitbit Novemba 2019 kwa dola bilioni 2.1, wakakamilisha Januari 2021. Aliyenunua Fitbit mwaka 2014 hakuingia mkataba na Google. Sheria ya Uingereza inazihesabu taarifa za afya kuwa za aina ya pekee, na inakupa haki ya kuomba uzione na kuomba zifutwe. Itumie haki hiyo. Kwenye programu ya saa, zima ramani, funga akaunti isionekane na watu, na usiruhusu kila programu isome mapigo yako.

TUFANYEJE BASI?

Sisemi saa zitupwe. Yangu bado ninayo mkononi ninapoandika haya. Ninaloomba ni kila kitu kipewe kazi yake.

Kwanza, kama una pauni thelathini au arobaini tu, nunua mashine ya presha ya kufunga mkono wa juu kabla ya saa. Chama cha wataalamu wa presha wa Uingereza na Ireland kinatoa orodha ya mashine zilizohakikiwa. Kaa dakika tano bila kuongea, miguu chini, mkono juu ya meza, ndipo upime. Nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 au zaidi ni wa kumwona daktari.

Pili, kwa walio England wenye miaka 40 na kuendelea, tangu Oktoba 2021 famasia nyingi zinapima presha bure, bila miadi ya daktari. Vile vile upo uchunguzi wa afya wa NHS kwa wenye miaka 40 hadi 74, kila baada ya miaka mitano, na unagusa sukari na mafuta ya damu. Barua ya mwaliko inapokuja, wengi wetu tunaiweka pembeni na matangazo ya pizza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2024 watu bilioni 1.4 walikuwa na presha, na wenye presha iliyodhibitiwa hawafiki mmoja katika kila wanne. Tusijihesabu kuwa nje ya hesabu hiyo.

Tatu, kwa wanaotuma zawadi nyumbani: usitume saa inayodai kupima sukari kwa taa, na usimwache mzazi aamini kwamba namba za kwenye kioo ni ruhusa ya kuacha dawa. Dawa huachishwa na daktari. Kama dawa inamvimbisha miguu, ipo nyingine.

Nne, saa ikikupa tahadhari ya moyo unaopiga ovyo, usibishane nayo wala usipatwe na kiherehere. Nenda kwa daktari upimwe. Na kama kifua kinabana, mdomo umepinda au mkono umekufa ganzi, usiangalie saa kabisa. Piga 999.

Mimi nilifungwa mkanda wa saa 24, ukathibitisha yale ya famasia, na sasa nameza kidonge kimoja kila asubuhi. Chumvi nimepunguza, samaki wa ng'onda namwangalia kwa mbali. Saa ya kabatini nimeivunja kwa nyundo, isije ikamfikia mama wa mtu mwingine.

Mama naye nimemtumia mashine ya mkanda. Kila Jumapili mpwa wangu anampima, kisha wananipigia. Namba za wiki iliyopita zilikuwa 148 kwa 88. Si nzuri kama 118 kwa 76 za zamani, lakini hizi ni zake.